Kosgei Apimwa Ulevi

Watu wa mtaa wa Bondeni hubishana juu ya mambo mengi, lakini hili halina ubishi: Nakuru haijapata kumwona mlevi kama Kosgei. Si kwamba alikunywa kuliko wengine. La! Walikuwepo waliomeza mapipa. Kosgei alikuwa na ustadi. Wenzake walilewa ovyo, kama mvua ya upepo. Yeye alilewa kwa mpango, kama seremala anayepima ubao mara mbili kabla ya kushika msumeno.

Alikuwa mpanga mbao katika kiwanda kimoja karibu na reli, na tangu aingie mjini alikuwa amegundua kwamba pombe ni wakili. Ukiwa nayo kichwani unaweza kumwambia mtu lolote, na asubuhi ukasema, "Si mimi, ndugu yangu. Ni pombe." Kesi imekwisha. Nani amewahi kuishtaki pombe?

Hivyo ndivyo alivyomwita msimamizi wake, Kipkemei, "nyani wa koti" mbele ya kiwanda kizima. Kesho yake alisimama kofia mkononi. "Si mimi, bwana. Ni pombe." Kipkemei aliguna, akamrudisha kazini.

Hivyo ndivyo alivyomla kuku aliyewekewa mchungaji wa kanisa, akabakisha shingo na miguu.

"Si mimi, Jerop," alimwambia mkewe. "Ni pombe."

Jerop alimtazama kitambo, akatwaa debe lake la maji. "Hiyo pombe," alisema akiwa mlangoni, "iko na meno mazuri."

Basi mambo yakaendelea hivyo mpaka mwaka wa hamsini na saba, alipokuja mgeni ambaye hata wakili huyo hakuthubutu kumkabili.

Mgeni mwenyewe alikuwa mzee Kiprugut, babake Jerop. Alishuka kutoka Mau Narok, alikochunga ng'ombe kwenye shamba la mzungu mmoja mkulima wa ngano, akaja mjini kutibiwa macho. Akatibiwa. Akapona. Akabaki.

Nyumba ya Kosgei ilikuwa na vyumba viwili, cha kulala na cha kukaa. Mzee alipewa cha kulala pamoja na kitanda, maana mkwe hapewi mkeka. Kosgei, Jerop na mtoto wao Cheptoo wakahamia sakafuni, kwenye chumba cha kukaa, na mguu wa meza ukawa unalala mbavuni mwa Kosgei kama mke wa pili.

Hilo lingevumilika. Lililomshinda ni ugoro. Mzee aliuvuta alfajiri, na baada ya ugoro ilikuja chafya. Ile haikuwa chafya ya binadamu! Ilikuwa kama volkano ya Menengai imekumbuka ujana wake. Sahani zililia kabatini. Cheptoo aliamka akitafuta mama yake. Nyumba ya tatu kutoka hapo, mtu aliitikia, "Pole!"

Kosgei alitaka kusema neno. Lakini kwa watu wake mkwe haambiwi neno baya. Hata kumkazia macho si adabu. Kwa msimamizi, ulevi wa kilabuni ulitosha. Kwa baba mkwe alihitaji ulevi mkubwa zaidi, ulevi wenye muhuri.

Na muhuri ukaja wenyewe, umevaa sare nyeupe. Alikuwa Nekoye, muuguzi aliyetibu watu wa Bondeni. Alimkuta Kosgei ameketi nje ya nyumba.

"Kuna daktari anatoka Nairobi," alisema. "Anataka wanaume wakunywe busaa pale ukumbini, Jumamosi mchana."

"Anataka nini?"

"Wakunywe. Ya bure."

Kosgei alishika ukuta. "Halafu watushike?"

"Hapana. Anataka kujua hii vita ya kilabuni inaletwa na ukali wa pombe ama na watu wenyewe. Kama ni ukali, ataomba baraza la mji lipunguze. Watu watakunywa, lakini wataumia kidogo. Mimi nimeshona vichwa mpaka uzi umeisha."

"Na mtu akilewa, akisema maneno?"

"Aseme tu. Hiyo ndiyo daktari anataka kuona."

"Hatalaumiwa?"

"Alaumiwe na nani? Ni kazi ya serikali."

Kosgei alisimama. "Sista, andika jina langu juu kabisa. Mwambie daktari amepata mwalimu mkuu."

"Na kila mtu aje na jamaa anayemjua, atuambie kama tabia imebadilika."

Kosgei alitazama mbinguni kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina.

"Mimi," alisema, "nitaleta wawili."

Jumamosi ilipofika ukumbi ulijaa. Daktari alikuwa mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu na Kiswahili cha shambani. "Nyinyi iko kunywa," alisema. "Mimi iko kuangalia. Hapana ogopa." Nyuma ya pazia la blanketi palikuwa na mapipa mawili ya busaa, ile pombe ya unga wa nafaka. Kila mtu alipewa kopo la bati lililofungwa uzi kwenye mpini.

Nekoye alisimama mbele akaeleza polepole kwamba busaa ile haikuwa na ukali sawa katika kila kopo, na kwamba mwenyewe hatajua amepewa ipi mpaka mwisho. Aliuliza kama wote wamesikia. Wote walisema ndiyo. Kosgei pia alisema ndiyo, ila hakuwa amesikia kitu. Alikuwa anamsogeza mzee Kiprugut kwenye benchi la mbele, ili neno lisije likapotelea njiani. Jerop aliketi kando ya baba yake na Cheptoo mapajani. Nyuma kabisa aliketi Kipkemei, msimamizi, aliyekuja kumshuhudia binamu yake.

Kosgei alikaa karibu na Micah, dereva wa lori. Akapiga funda la kwanza.

"Lo!" alipaza sauti. "Hii imepikwa na mtu mwenye hasira!"

Micah alionja yake. "Ni sawa tu," alisema.

Isemwe wazi: Kosgei hakuwa anaigiza. Kopo la kwanza lilimpasha masikio moto. La pili lilimlegeza magoti. Kufikia la tatu ulimi wake ulikuwa mzito kama blanketi lililonyeshewa, na ukumbi ulikuwa umeanza kuzunguka taratibu, kwa heshima, kama bibi harusi. Alijua ulevi, na huu ulikuwa baba wa ulevi. Pombe ya serikali, jamani! Aliona raha moyoni.

Daktari akaanza kuwapima. Kwanza, sindano na uzi. Micah alitunga uzi mara moja, akarudisha sindano, kisha akaketi akaanza kumlilia marehemu mama yake kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Kosgei alikosa tundu la sindano, akalikosa tena, mwishowe akautia uzi kwenye tundu la kifungo cha koti la daktari na kupiga saluti.

Pili, kutembea juu ya mstari wa chaki. Kosgei aliukanyaga mwanzo wake, akauacha, akaurudia, akauomba msamaha. Watu wakacheka. Daktari akaandika. Kosgei alipoona kalamu inakimbia alijua saa yake imefika. Aligeuka akaenda moja kwa moja mpaka benchi la mbele, na kwa mtu aliyeshindwa na mstari, hakukosea njia hata kidogo.

"Mzee Kiprugut!"

"Baba Cheptoo," alisema Jerop kwa sauti ya chini, "kaa."

"Nyamaza, mama! Hii ni kazi ya serikali!" Akakohoa. "Mzee! Ulikuja kwa sababu ya macho. Macho yamepona. Mbona hayaoni njia ya Mau Narok?"

Hata Micah aliahirisha kilio.

"Kile kitanda ni changu! Mimi nalala chini kama gunia! Na hiyo chafya yako! Jana sahani imeruka yenyewe kutoka kabatini, imeona heri kufa! Ng'ombe wa mzungu hawakukumbuki? Hata mmoja?"

Mzee alitoa kijikopo chake cha ugoro, akakitazama, akakirudisha mfukoni bila kukifungua.

Kosgei angeweza kuishia hapo. Lakini mtu akiwa na wakili mkubwa hivyo, hupenda kumpa kazi.

"Na wewe, Jerop! Yule kuku wa mchungaji nilimla nikiwa na akili zangu! Nilimla na chumvi! Na wewe Kipkemei, nakuona huko nyuma, koti lako hilo hata nyani angelikataa!"

Baada ya hapo aliketi, akaegemeza kichwa kwenye bega la daktari, akamwita mama.

Jua lilipoanza kushuka, Nekoye aliwaomba wote watazame makopo yao.

"Wenye uzi mwekundu," alisema, "mmekunywa busaa ya kawaida. Wenye uzi mweusi, yenu ilichemshwa tangu asubuhi mpaka ukali wote ukatoka. Iliyobaki ni uji."

"Uzi mweusi hapana piga kelele," daktari aliongeza, akisoma karatasi zake. "Nakaa mzuri. Yote." Kisha akainua macho, akamtazama Kosgei. "Yote, toa moja."

Kosgei aliangalia kopo lake. Uzi mweusi. Akaligeuza, pengine kulikuwa na uzi mwingine chini. Hapakuwa na uzi mwingine.

Na hapo jambo la ajabu likamtokea. Magoti yakakaza. Ulimi ukawa mwepesi kama wa wakili wa kweli. Ukumbi ukasimama pale ulipo. Ulevi wote ulimtoka kwa pamoja, kama wapangaji waliosikia karani wa kodi anapiga hodi. Maishani mwake hakuwahi kutamani kulewa kama alivyotamani dakika ile!

"Sista, hapa kuna makosa," alisema. "Tumebadilishana na Micah."

Micah aliinua kopo lake. Uzi mwekundu. "Mimi niko na yangu," alisema, akifuta machozi.

"Basi ni pumzi yake! Nimekaa karibu naye tangu saa nane. Pumzi ya Micah imenilewesha!"

Daktari aliinuka nusu kutoka kitini. "Pumzi? Wewe nalewa na pumzi?" Akageuza ukurasa mpya. "Mzuri sana! Jumamosi ingine wewe nakuja tena. Nakaa na Micah. Hapana kunywa. Pumzi tu!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Benchi moja lilivunjika, na waliokuwa juu yake waliendelea kuchekea chini. Kule nyuma Kipkemei alisimama, akajifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, bila kuondoa macho kwa Kosgei. "Jumatatu," alisema, akatoka.

Jerop hakucheka.

"Baba Cheptoo," aliuliza, "kama leo ni wewe, na zile siku zingine zote ilikuwa nani?"

Kosgei alifungua kinywa. Miaka yote jibu lilikuwa likitoka lenyewe, kama maji ya bomba. Sasa alilisikia linapanda, likafika kooni, likarudi. Alitazama watu. Alimtazama mkewe, ambaye macho yake hayakuwa na hasira bali uchovu wa siku nyingi, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba uchovu ule ni yeye aliyeuleta. Masikio yalimwaka moto, na safari hii hakukuwa na kopo la kusingizia.

Akamwendea mzee Kiprugut, akapiga magoti.

"Mzee," alisema. "Nisamehe. Si..." Akameza mate. "Ni mimi, mzee. Ni mimi mwenyewe."

Mzee akaegemea fimbo yake.

"Kijana," alisema, "mimi nilikuwa nimefunga mzigo. Jumatatu kuna lori la kwenda Mau Narok. Nilikuwa nipande hilo. Uliza Jerop."

Jerop aliitikia kwa kichwa.

"Maneno yako nimesikia," mzee aliendelea. "Hayo yamepita, umesema ni wewe, basi. Lakini hii macho mliniponyea imeona jambo. Mlevi wa pombe, akinyimwa pombe, hupona. Mtu wa kulewa na uji utamnyima nini? Uji uko kila nyumba! Siwezi kuacha binti yangu na mtoto na mgonjwa wa namna hii. Nitakaa."

"Mpaka lini, mzee?" Kosgei aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mpaka upone."

Daktari aliomba atafsiriwe. Alipoelewa, alimshika mzee mkono kwa nguvu na kumshukuru kwa niaba ya serikali.

Jioni ile walirudi nyumbani kimya, mzee mbele, Jerop na mtoto katikati, Kosgei nyuma. Mlangoni jirani mmoja alimuuliza Kosgei kama amewahi kujaribu chai. Mzee aliingia chumbani, kitanda kikalia, halafu kukawa shwari.

Kosgei alikaa sakafuni akiegemea mguu wa meza. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Jerop alimtazama, akamwonea huruma kidogo, akamimina kikombe cha uji kutoka sufuriani.

"Jerop!" mzee aliita kutoka chumbani. "Hicho unamimina ni nini?"

"Ni uji, baba. Wa Baba Cheptoo."

"Toa hapo! Unataka atutukane tena? Mpe maji."

Jerop alikirudisha kikombe mezani, akachota maji. Kitanda kililia, kama mtu aliyegeuka upande kufikiri zaidi.

"Na hayo maji, Jerop," sauti ikaja tena, "usijaze."