Suti ya Marehemu Aliye Hai

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimenusa mauaji. Mama mmoja mwembamba kaleta suti nyeusi ya mumewe hapa dobini. Ifuliwe, ipigwe pasi, iwe tayari Jumatano jioni. Ni ya mazishi ya Alhamisi. Nikampa pole, akashukuru, akaomba risiti. Macho makavu kabisa. Mjane gani huyo?

Jumanne, 5 Machi
Nimechanganyikiwa. Mwanamume mnene kaja kuulizia suti ileile. Nikamwambia mwenyewe amefariki. Akasema mwenyewe ni yeye. Nikamgusa mkono, kama kwa bahati mbaya. Wa moto. Kwa hiyo hajafa, lakini anazikwa Alhamisi. Nikawaza hadi nikaunguza shuka. Shangazi, mwenye duka, kanikumbusha kwamba kaniajiri kupiga pasi, upelelezi una wenyewe. Wivu. Ndipo nikapata jibu: mke hajamuua bado. Anajiandaa mapema.

Jumatano, 6 Machi
Nimempelekea mume suti yake dukani kwake, anakouza vigae. Nikamnong'oneza kwamba mkewe atamuua. Nikamweleza yote, hadi yale macho makavu. Akawa anapangusa kigae kilekile.
"Dada, una hakika?"
"Kama ninavyokuona."
Akasema kweli, hata chai siku hizi anaiona chungu. Akaniomba nisimwambie mtu, atalimaliza mwenyewe nyumbani. Muungwana.

Ijumaa, 8 Machi
Sielewi tena. Aliyekufa ni mke. Kateleza bafuni jana alfajiri, kagonga kichwa kwenye sinki. Shangazi kasikia sokoni. Tena kasikia kwamba mazishi yale yalikuwa ya mjomba wa huyo mama, mzee aliyejifia usingizini. Nikamwambia hapo ndipo ujanja ulipo: nani atamshuku mtu mwenye msiba? Shangazi kaniangalia, akavuta kiti, akaketi.

Mchana kaja askari mpelelezi na risiti yetu mkononi, anaulizia suti. Anamtilia shaka mume, wameshamweka ndani, eti vigae vya bafuni vilipakwa mafuta. Nikamfumbua macho: mke alitega mtego, ukamnasa mwenyewe. Askari akakuna kichwa, akanitaka nirudie polepole. Nikarudia. Jioni mume kaachiwa. Nani kama mimi?

Jumapili, 10 Machi
Mfiwa kaja kunishukuru. Amesema hajawahi kuona mwanamke mwenye akili kama yangu. Akauliza nani mwingine anajua kwamba nilikwenda kumwonya siku ile. Nikamwambia hakuna, hata askari nilimficha, maana mpelelezi hatangazi safari zake. Akashusha pumzi, maskini, bado ana majonzi. Jumamosi ananipeleka ziwani kupanda mtumbwi, sisi wawili tu. Shangazi simwambii, atanizuia bure. Nimemtahadharisha mapema kwamba sijui kuogelea. Akasema hilo lisinisumbue hata kidogo. Sikumbuki lini mtu alinijali hivi.