Neno Imara Kuliko Yote Ghalani

Jumatatu, 3 Juni. Mawingu mazito tangu alfajiri, manyunyu yasiyotaka kuwa mvua. Fundi wa kompyuta ametuwekea programu ya kupima maneno ya siri. Neno dhaifu, mstari mwekundu. Imara, kijani. Meneja amesema Ijumaa atateua mkuu wa ghala, na asiyeweza kulinda neno lake hawezi kulinda ghala. Miaka kumi na moja naandika risiti za misumari. Cheo ni changu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, meza ya jirani, anakitaka pia. Neno lake: njano. Langu: nyekundu. Akauliza, wifi, umeandika jina la kuku wako? Ndilo.

Jumanne, 4 Juni. Mvua. Nimegundua programu haijui Kiswahili. Nimeandika methali nzima bila nafasi: mtakachamvungunishartiainame. Kijani! Eti mwizi atahitaji karne tisa kulikisia. Meneja kanisifu mbele ya wapakiaji. Wifi kanuna.

Jumatano, 5 Juni. Mvua tena, ila moyoni jua. Kila aliyekuja kuchukua bidhaa nilimsomea na methali yangu. Mpakiaji mzee akasema mama, hiyo tumeisikia tangu asubuhi, tupe ndoo zetu za rangi twende. Wifi aliinamia daftari lake, akiandika. Nadhani amekata tamaa, maskini.

Ijumaa, 7 Juni. Baridi. Meneja kanishukuru kwa barua yangu. Barua gani? Ile ya jana jioni, kutoka akaunti yangu, nikikataa cheo kwa kuwa sijakomaa na kumpendekeza wifi. Akasema unyenyekevu kama huo hajauona. Nikikana, nimekiri kwamba neno la karne tisa halikumaliza hata wiki. Nikasema asante. Wifi kanipa pole kwa sauti ya msibani, kisha kanituma stoo ya nyuma kuhesabu ndoo zilizopasuka. Nilihesabu. Nilikaa huko hadi macho yakakauka.

Jumapili, 9 Juni. Ukungu. Nimetafakari sana na kosa nimeliona: methali ilikuwa fupi. Nimeweka ndefu zaidi, asiyekubalikushindwasimshindani. Karne kumi na nne. Cheo kitarudi. Nisije nikaisahau, nimemnong'oneza mume wangu peke yake. Yeye si msemaji, hana anayepiga naye soga ila dada yake. Naenda kulala, saa saba kasoro robo usiku.