Mabenchi ya Kanisa Ufukweni Mikindani

Alhamisi, 10 Julai
Kwaya nzima ya Tunduma tuko ndani ya basi, safari ya Mikindani. Jumapili tunaimba kwa wenyeji, kisha tunachagua mwenyekiti. Lazima niwe mimi! Ferdinand naye anautaka uenyekiti. Anagawa karanga kiti kwa kiti. Karanga! Mimi nimetangaza kwamba bahari naijua nje ndani. Sijawahi kuiona, lakini nani atajua?

Ijumaa, 11 Julai
Tumefika. Mji wa zamani, nyumba za mawe, Boma la Mjerumani mlimani, bahari chini. Jamani, kumbe ni kubwa hivi! Nimepata wazo. Picha ya kwaya: sisi ufukweni, Boma nyuma yetu. Atakayeipanga picha hiyo, uenyekiti wake. Karanga za Ferdinand zinakaribia kuisha.

Jumamosi, 12 Julai
Asubuhi, maji hakuna! Mchanga mtupu, mpana kama uwanja wa mpira. Nikawaambia nilishapiga mahesabu. Nikaazima mabenchi sita ya kanisa la wenyeji, nikayapanga mbele kabisa, sare zetu juu yake. Mama mmoja aliyekuwa akiokota kombe za baharini akanisihi niyahamishe, maji yanarudi. Nikacheka. Nimekulia kwenye foleni ya malori mpakani mimi. Mtu akikwambia hamisha, anataka nafasi yako.

Picha baadaye; kwanza nikaongoza kwaya kupanda Bomani. Nikiwa nawaonyesha dirisha la gavana (gavana nimemtunga mwenyewe), Ketrina wa sauti ya kwanza akauliza yanayoelea kule chini ni nini. Mungu wangu! Ferdinand akateremka mbio, akaingia majini na suruali yake ya ibada. Kaokoa sare na mabenchi matano. La sita lilikuwa linakwenda zake Komoro.

Jumapili, 13 Julai
Tumeimba na sare mbichi. Mwenyekiti ni Ferdinand. Nimepata kura moja, na hata mimi nilisita kuipiga.

Jumatano, 16 Julai
Nyumbani Tunduma. Sasa maji nayaelewa: asubuhi yanatoka, mchana yanarudi. Mwakani nawapeleka Kasanga, Ziwa Tanganyika. Kuna ngome ya Mjerumani vilevile. Picha ileile, kisha uenyekiti unarudi kwangu!

Ketrina, mzaliwa wa Kasanga, anadai maji ya ziwa hayatoki. Nimemhurumia. Kazaliwa ufukweni, hajui! Nimemwambia tutakaa kwenye mabenchi, tuyasubiri yatoke. Akasema basi Ferdinand abebe karanga za kutosha.