Watu Kumi na Mmoja Hawawezi Kukosea

Ndugu zangu wa masomo ya jioni, leo nimejivua nguo mbele ya jirani zangu wote, na wala sikufungua hata kifungo.

Asubuhi uchungu ulimshika mke wangu, Mado. Mtoto wa kwanza! Hospitali iko ng'ambo ya reli. Njia fupi inakata reli. Njia ndefu inazunguka nusu ya dunia (kwa baiskeli, na tumbo lile!). Lakini siku hizi za Katanga kujitenga, nani anajua barieri ya askari iko wapi, na nani anapiga nani?

Nikakumbuka somo letu: mmoja hukosea, wengi wakiunganishwa hawakosei. Nikashika daftari, nikamwuliza kila jirani peke yake, mlango umefungwa, wasije wakaigana. (Cheti changu si cha bure!)

Kumi na mmoja walisema relini kuna basoda, yaani askari, wanapiga risasi. Wa kumi na mbili, mzee asiyesikia vizuri, alisema njia ni nyeupe. Nikamfuta.

Nikasimama uani. "Bandugu, akili ya bote imesema! Tunazunguka!"

"Zunguka weye!" Mado akalia. "Mutoto hatazunguka!"

Mama Ntumba, muuza samaki wakavu, akashika kiuno. "Ngoja, Bwana Sertifika. Hao basoda, nani alibaona na macho yake?"

"Miye niliambiwa na Kalenga," fundi cherehani akasema.

"Miye, na bibi yangu," akasema Kalenga.

Mkewe akatazama chini. "Miye nilisikia ku robine, tukiteka maji."

"Kwa nani?"

Kidole chake kikapanda polepole, kikasimama mbele ya pua yangu. "Kwa huyu! Jana! Alisema basoda mia tatu na mizinga!"

Jamani. Jana nilimwona askari mmoja. Alikuwa anafunga kamba za kiatu. (Hadithi ilitaka nyama kidogo.)

Watu walianguka chini kwa kicheko. Mimi nikajitetea, jasho linanitoka, kwamba mizinga nilitaja miwili tu. Kugeuka, Mado hayupo! Mama Ntumba alikuwa amempakia kwenye baiskeli yangu, anaisukuma kuelekea relini. Nikakimbia nyuma yao bila kiatu kimoja. Relini? Mbuzi wawili.

Nilipofika hospitali, binti yangu alikuwa amekwisha kuzaliwa. Mzima kabisa!

Njooni mumwone. Ila tafadhali, msicheke humo ndani: mama yake kila akicheka tumbo linamuuma, na kila akiniona anacheka.