Nahodha Kisu-Butu na Bidoni Iliyokatwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Sura ya tano ya kitabu changu cha maharamia imekwisha. Chombo chao kinaendeshwa na ukweli: baharia akisema kweli, tanga linajaa, akidanganya, maji yanaingia. Wazo kubwa sana. Nilimpa Alliance asome, jirani yetu hapa mtaani Ngezi. Familia yao walikimbia kutoka Tchomia, kando ya ziwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza tangu lini chombo kikawa na breki. Nikasema ni breki ya kizamani. Akauliza kama nimewahi kuona hata ziwa. Nikasema mara nyingi. Uongo. Nina miaka kumi na tisa, na maji makubwa niliyoyaona ni ya mvua barabarani.

Jumanne, tarehe 4
Mpango. Jumamosi, vijana tunasoma maandiko yetu kwenye salle, ule ukumbi wa parokia. Atakayepigiwa makofi zaidi atasoma kwenye redio. Nicolas analeta tena hadithi yake ya mapenzi, yeye anayejipaka manukato hata akienda kuchota maji. Sikubali kushindwa na manukato. Basi nikamwomba Alliance anifundishe mambo ya maji.

Alikuwa anachambua majani ya sombe. Akanieleza walivyovuka ziwa kukimbilia Uganda: watu arobaini katika mtumbwi mmoja, na baba yake akichota maji kwa bidoni iliyokatwa, dumu la plastiki, analia kwa sauti, anaomba kila mtu msamaha, hata mbuzi. Walifika wote, baadaye wakarudi na kuhamia huku kwetu. Tangu siku ile baba hataki habari ile itajwe. Alliance alisema, "Sijaambia mutu mwingine, yaya Vital." Yaya, yaani kaka, ndivyo anavyoniita. Nikaapa.

Jumatano, tarehe 5
Sura ya sita imeandikwa kwa mkao mmoja. Nimebadilisha kila kitu. Mbuzi amekuwa kasuku.

Ijumaa, tarehe 7
Nimezunguka mtaa mzima kutafuta watu wa kunipigia makofi. Mama anakuja, na wanakwaya sita. Nikamkuta hata Papa Donatien, baba yake Alliance, pale anapouza makala, mkaa wa kupikia. Nikamwomba apige makofi kwa nguvu. Akasema atakuja, mambo ya vijana anayapenda. Jioni tu ndipo nilipokumbuka kwamba habari ile ni yake. Lakini nikasema, kasuku si mbuzi.

Jumamosi, tarehe 8
Nahodha Kisu-Butu akachota maji kwa bidoni, akalia, akamwomba kasuku msamaha. Salle ikavunjika kwa kicheko. Hata Nicolas alicheka. Nikainua macho nifurahie vizuri.

Papa Donatien, mstari wa pili. Hacheki. Anaangalia mikono yake. Nilipomaliza alipiga makofi, kwa nguvu, kama nilivyomwomba. Wenzake walikwisha kunyamaza, yeye bado anapiga. Alliance akamshika mkono, wakatoka.

Nimeshinda. Mama alinipikia kuku, nikairudisha sahani jikoni.

Jumapili, tarehe 9
Nilikwenda kuomba msamaha. Niliona haya mpaka nikapita mlango wao mara tatu. Papa Donatien akanipa kiti. Akasema nimesoma vizuri, ila bidoni haishikwi vile nilivyoonyesha. Akanionyesha inavyoshikwa. Akachota hewa mara tatu, kama maji bado yanaingia. Laiti angenitukana.

Alliance akasema nichane ile sura palepale, na kwenye redio isisomwe. Nikaichana, nikaitia kwenye mbabula, jiko lao, makala yakaila. Nililia mbele yao, mimi mwanaume mzima. Nikaapa tena. Alliance akasema, "Weye, ile chombo yako ingekuwa imeshazama zamani."

Jumatatu, tarehe 10
Watu wa redio wamepiga simu. Alhamisi, dakika kumi. Nikawaambia sura ya sita haipo tena. Nimetimiza neno langu, lakini haya bado inanikaa hapa kifuani. Nikaona dawa ni kuandika.

Sura mpya imetoka vizuri kuliko ile. Nahodha anakwenda kuomba msamaha. Mwenye nyumba anampa kiti, anamwonyesha namna ya kushika bidoni, anachota hewa mara tatu. Ramani inachomwa kwenye mbabula. Nimeisoma mara mbili, nimelia mara mbili.

Hakuna atakayetambua kitu. Papa Donatien nimemfanya kobe. Kesho nitapita pale anapouza makala, nimwambie Alhamisi asikose kufungua redio.