Msiba wa Gari la Mama Agatha

Donatus, fundi magari, alipoliona lile gari dogo la Kiingereza uani kwa Mama Agatha, mtaa wa Ngokolo, lile la michezo lisilo na paa ila turubai, na kuku wamelala juu yake, moyo wake ukapiga magoti. Jioni hiyohiyo akampigia simu tajiri wa Mwanza anayekusanya magari ya kale, akamwuzia gari lisilo lake. Kianzio cha malipo kikaja, Donatus akakila chote, tena kwa nyama choma.

Kilichobaki ni kulipata gari.

"Shikamoo, Mama Agatha."

"Marahaba, fundi. Nataka gari hili limpeleke mwanangu kanisani Jumamosi akafunge ndoa. Baba yake alimwahidi kabla hajafa."

Donatus akaingia uvunguni mwa gari. Huko, akiwa na Mungu wake tu, akafungua nati za propela shafti, chuma kinachopeleka nguvu ya injini magurudumuni, na kuchomoa springi moja ya nyuma. Injini ilipowashwa ikanguruma kama simba, lakini gari halikusogea hata unyayo. Lilikaa limeinama upande, kama mzee anayesikiliza umbea.

"Difu imekufa. Shokapu zimekufa. Pole, mama. Kwa huruma yangu, mzoga nitakuondolea bure."

"Limekufa kabisa?"

"Kama ng'ombe, mama!"

Hapo ndipo alipoharibu. Mtaa ule ni wa watu waliokulia zizini, na kwao ng'ombe akifa, majirani hugawana nyama na kumchangia mfiwa apate mwingine. Mama Agatha akajifunika khanga, akapiga yowe, jicho moja likichungulia.

Majirani wakafurika. Bujiku, mtengeneza mikokoteni ya ng'ombe, alikuja na spana zake akitaka ekseli. Januari mhunzi akadai springi zote, eti hutoa panga kali. Bibi mmoja alikwisha kukalia kiti cha gari, akisema atakamulia mbuzi juu yake.

"Nani kathibitisha kifo?" akauliza Bujiku, nati ya kwanza mkononi.

"Fundi huyu hapa," akalia Mama Agatha.

Simu ya Donatus ikaita. Tajiri wa Mwanza.

"Ngojeni!" akapiga kelele. "Halijafa! Limezimia!"

"Basi lizindue tuone," akasema Bujiku.

Akalizindua, majirani wakiwa wameketi juu ya ndoo. Springi ikarudi, propela ikarudi. Bujiku akachungulia: "Lakini bushi hizi zimekwisha kweli. Na shokapu zinavuja."

"Mgonjwa wangu haruhusiwi kutoka akiwa na vidonda," akasema Mama Agatha, macho makavu kabisa.

Donatus akauza simu, akanunua bushi na shokapu mpya. Simu yenyewe ilikuwa haiachi kuita.

Jumamosi Agatha akapanda na shela lake, mama yake akashika usukani. Gari likateleza getini bila hata kulia kwikwi.

"Mama, na mimi je?" akauliza Donatus.

"Tukusahau? Mchunaji huchukua ngozi." Akamrushia lile turubai la paa, lililochanika.

Mara gari jeupe la yule tajiri wa Mwanza likakata kona, likasimama getini. Donatus akajifunika turubai, akachuchumaa uani, akatulia tuli. Kuku, waliokuwa wamepoteza kitanda chao, wakamtazama kidogo, kisha wakapanda mmoja mmoja wakalala.