Kuskusi Kisimani

Jumamosi, 24 Agosti

Leo nimeanza maisha mepesi. Mkahawani wanasema maji ya bomba yatakatika wiki nzima, pengine mwezi. Watu wazima wanagombania ndoo! Mimi nimefikiri. Babu yangu aliishi nyumba hii hii, hapa hapa kisiwani, mjini Ajim, bila bomba. Mvua ilinyesha juu ya paa, ikapita kwenye tundu, ikashuka kisimani chini ya ua. Basi. Hakuwa na bili, hakuwa na presha.

Nimefunga koki ya barabarani na kung'oa bomba la jikoni. Mke wangu Mahbuba kauliza kama jua limenipiga kichwani. Kasema maji ya kisimani hayafiki hata magotini. Nikamjibu kuwa nimekata tiketi za magari kivukoni hadi nikastaafu, kwa hiyo maji nayajua. Hakuona uhusiano.

Jumapili, 25 Agosti

Nimeuza pampu ya kisima. Anayetumia kamba na ndoo haogopi umeme kukatika. Mnunuzi ni Lamjed, jirani wa ukuta mmoja, mwenye matangi mawili ya plastiki juu ya paa ambayo huwaonyesha wageni kabla hata ya kuwapa chai. Alikubali bei haraka mno. Kisha akauliza kama kuna kingine ninachouza.

Jioni mikono imekufa ganzi. Mahbuba kasema chombo kimoja kimeoshwa, na ni kijiko.

Jumanne, 27 Agosti

Wanawake wamekuja. Kuskusi ya mwaka mzima, zile punje za unga wa ngano, hutengenezwa msimu huu, na jemadari ni Khalti Manubia, mama mdogo wa Mahbuba. Wamefikicha unga uani tangu asubuhi huku wakiimba nyimbo za waume wavivu. Wimbo mmoja ulikuwa na jina langu.

Kuskusi imepikwa kwa mvuke na kutandazwa juu ya paa, kwenye mashuka meupe, ikauke. Kazi yangu: kufukuza shomoro na kutazama mawingu.

"Frej mwanangu," kasema Khalti Manubia, "kazi hii hata mtoto anaiweza. Ndiyo maana tuna wasiwasi."

Mahbuba kaongeza kuwa chakula hicho kikiharibika anakwenda kwa dada yake, mjini Gabès, na asiulizwe anarudi lini. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 28 Agosti, asubuhi

Nipo juu ya paa. Nimepata wazo.

Mvua ya kwanza i karibu, ile tunayoiita mwosha viwanja vya kupuria nafaka. Kisiwa kizima huziba tundu la paa kwa kitambaa mpaka mvua hiyo ipite, ioshe vumbi na mavi ya njiwa. Maji bure, yanamwagwa! Babu naye alimwaga, lakini babu hakuwa na dharura. Nimechomoa kitambaa. Kiko mfukoni. Kisima kitajaa kabla ya visima vyao vyote.

Anga ni safi. Kuna kiwingu kidogo upande wa Jorf, ng'ambo ya kivuko, si cha kutisha. Nashuka kidogo kumwambia Lamjed kuwa mwezi huu atakuja kuniomba maji.

Jumatano, jioni

Lamjed alibisha. Nikabisha. Tulipokuwa tunabishana, ikanguruma.

Mvua ilidumu muda wa kunywa glasi moja ya chai. Nilipopanda, mashuka yalikuwa meupe pe. Hakuna hata punje. Lazima niseme kwa haki kwamba mtambo wa babu unafanya kazi vizuri sana: kuskusi yote imeingia kisimani.

Nilimwambia Mahbuba kuwa maji yamepanda. Alifurahi. Kisha akateremsha ndoo.

Alhamisi, 29 Agosti

Kaondoka. Kachukua sanduku kubwa. La kwenda na kurudi ni lile dogo.

Kuskusi imeumuka. Kufikia adhuhuri kisima kilikuwa kinanuka kama mkate uliosahauliwa. Nikatoka kufungua koki ya barabarani. Nilisahau kuwa nimeng'oa bomba la jikoni. Maji ya mji hayajakatika hata kidogo. Nguvu yake ni nzuri sana. Yalifika mpaka kwenye picha ya baba mkwe.

Jumamosi, 31 Agosti

Lamjed kaja na pampu. Yangu. Kasema hataki malipo, anataka ule uji wa kisimani tu kwa ajili ya kuku wake. Wamekula mpaka wakakaa chini. "Jirani," kaniambia, "tangu uanze maisha mepesi, kuku wangu wananenepa."

Nimempigia Mahbuba simu. Dada yake kasema amelala. Saa nne asubuhi! Nyumba kimya. Nimemkumbuka, hata na ukali wake.

Nimenunua unga wa chengachenga, nikaenda kumwomba Khalti Manubia anifundishe kufikicha. Alicheka mpaka akaomba kiti. Kisha akaja.

Jumatatu, 2 Septemba

Nafikicha. Punje nyingine kama dengu, nyingine kama yai. Khalti Manubia kaimba ule wimbo tena, sasa una beti mpya. Kuskusi naikausha chumbani, kitandani, chini ya feni. Mimi nalala sakafuni, macho kwenye dari.

Jumatano, 4 Septemba

Mahbuba karudi! Kasimama mlangoni mwa chumba, akatazama kitanda. Akachukua punje moja, akaitafuna. Akaitafuna tena. Kasema inafaa kujengea barabara. Kisha akafungua sanduku na kupanga nguo kabatini. Nililia, kidogo. Naandika wazi kwa sababu hakuna atakayesoma.

Kanitaka niape mbele ya Khalti Manubia: sitagusa tundu, sitagusa kitambaa, sitapanda juu ya paa. Nimeapa yote matatu kwa moyo safi. Kosa lilikuwa la mvua, lakini sitaki ugomvi.

Mchana mkahawani wamesema umeme nao huenda ukakatika. Nimefikiri. Babu hakuwa na friji. Nyama aliitia chumvi akaianika kwenye kamba, basi. Na kiapo changu, nimekikumbuka neno kwa neno, hakitaji friji mahali popote.

Mahbuba amelala. Nimejaribu kulisukuma friji; si zito kama linavyoonekana. Lamjed yuko mlangoni na mkokoteni.